Bangili ya Kisiwa cha Namtitu

"Kati yenu wawili, nani si mtu wa kutembeatembea?"

Mhifadhi Mbonde aliuliza hivyo kabla hata boti haijafungwa gatini, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza nani anaweka sukari kwenye chai. Tumpe Mwakalukwa alimtazama. Mbonde alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, mwenyeji wa Rufiji, sare yake ya kijani imefifia kwa jua. Mkononi alishika bangili mbili za kijivu. Zilifanana, ila moja ilikuwa nene kidogo.

"Kwa nini unauliza?" Tumpe alisema.

"Utaratibu tu, dada. Tunapenda kuwajua wageni wetu."

"Ni mimi," mama yake akadakia huku akishikilia ukingo wa boti ashuke. "Magoti yangu yameshanikataa. Nikikaa hemani, nimekaa."

Mbonde akatabasamu, akampa yule mama, Bibi Subilaga, mkono kwa adabu, kisha akamvisha ile bangili nene. Ikajifunga yenyewe na kumbana taratibu, kama kitu kilicho hai. Tumpe akavishwa ile nyembamba.

"Hizi zinatoa mlio ambao wanyama hawaupendi," Mbonde alieleza. "Sisi hatuusikii, wao wanausikia. Ukiwa nayo hakuna mnyama atakayekusogelea. Ndiyo maana hapa Namtitu hamtaona uzio wala bunduki. Msijisumbue kuzivua, hazivuliki. Tutazifungua wenyewe siku ya kuondoka."

Tumpe alijaribu kupenyeza kidole kati ya bangili na ngozi yake. Hakikupenya.

Safari hii aliipanga kwa ajili ya mama. Tangu kaka yake, Lusajo, afariki kwenye ajali ya lori kule Makambako, mama alikuwa amejifungia nyumbani Tukuyu, hataki kwenda kanisani wala sokoni. Alichokuwa nacho ni simu yenye ujumbe wa sauti ambao Lusajo alimtumia wiki ile ya mwisho, na kila jioni aliusikiliza. Tumpe alipomtajia kisiwa cha katikati ya mto, mahali ambapo mtu analala kwenye hema na tembo wanapita huru, mama alifikiri kidogo, akasema, "Tembo sijawahi kuwaona." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kutaka kitu baada ya miezi mingi. Kwa hiyo Tumpe hakutaka kuharibu safari kwa sababu ya swali moja la ajabu.

Walipokuwa wakipanda kutoka gatini aliangalia nyuma, ng'ambo ya maji. Ukingo wa pili wote ulikuwa mpunga, unang'aa manjano hadi macho yanapoishia, na katikati yake yalisimama madungu, vile vibanda vya miguu mirefu ambamo wakulima hulala msimu mzima wakilinda mazao. Moshi wa kupikia ulikuwa ukipanda kutoka kwenye dungu moja. Zamani, tembo wa upande huu na wa upande ule walikuwa wamoja. Sasa tembo wasio na uzio walikuwa wamebaki sehemu chache tu nchini, na Namtitu ilikuwa moja ya sehemu hizo. Kati ya tembo na mpunga kulikuwa na maji tu, na tembo hujua kuogelea.

Mbona hawavuki? Tumpe alijiuliza. Swali hilo nalo halikumtoka kichwani.

*

Tembo wa kwanza alikuja alasiri ile ile.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai mbele ya hema, chini ya miti ya mivumo, akimenya chungwa. Tumpe alikuwa akihangaika na jiko dogo la jua, ambalo lilikuwa linageuka lenyewe kufuata mwanga na kumwaga sufuria kila likigeuka. Aliposikia mama amenyamaza katikati ya sentensi, akainua kichwa.

Tembo jike alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwenye kiti. Mkubwa, sikio moja limechanika ukingoni. Hakuwa anakula. Hakuwa anakunywa. Alikuwa amemkabili mama uso kwa uso, na mkonga wake ulinyooka taratibu mpaka ukafika juu ya goti la mama, ukanusa, ukapanda hadi kwenye mkono wenye bangili, ukabaki hapo.

"Mama, usitikisike," Tumpe alinong'ona.

"Nani anatikisika? Amenipulizia pumzi ya moto, masikini."

Mlinzi mmoja alipita na ndoo ya maji. Akamwona tembo, akamwona bibi, akaendelea na njia yake kama mtu aliyeona kuku uani.

Tumpe akaitazama bangili ya mama. Kama bangili inafukuza wanyama, huyu anatafuta nini hapa? Na kama ni hatari, mbona mlinzi hakushtuka? Tembo alikaa mpaka jua lilipoanza kuzama, kisha kundi lake likamwita kutoka vichakani, akaenda taratibu, akigeuka kila baada ya hatua kadhaa.

Wageni wa hema la jirani, mtu na mkewe kutoka Dodoma, walikuja mbio na kamera zao. Walifurahi mno. Mke alisema wao hawakuwa na bahati, wanyama wanawakimbia hata wakikohoa.

"Bangili yako ni nyembamba au nene?" Tumpe alimwuliza.

Yule mwanamke akainua mkono. Nyembamba.

*

Asubuhi Mbonde alikuja mwenyewe na kifaa kidogo mfano wa kibao cha chaki, akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," kisha akakigusisha kwenye bangili yake. Kilipiga mlio mmoja.

"Marahaba mwanangu. Unafanyaje?"

"Naongeza chaji tu, bibi."

"Yangu haiongezwi?" Tumpe alisema akinyoosha mkono.

Mbonde alisita kidogo tu, lakini Tumpe aliona. "Yako bado inayo."

"Tumezivaa siku moja, kaka Mbonde."

"Hazifanani sana hizi. Nyingine zinakula chaji upesi." Akaaga, akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Haikupita muda tembo yule akarudi. Safari hii alikuja na kitu. Alikuwa amebeba tawi la mkoche lenye matunda, akaliweka miguuni kwa mama, akalisukuma kwa mkonga, akangoja. Mama hakujua la kufanya. Tembo akalisukuma tena.

"Anataka nile," mama alisema. Kisha akainama mbele, akakunja macho kama alivyokuwa akifanya zamani alipokuwa mkunga wa zahanati. "Tumpe. Hebu tazama pale katikati ya miguu yake ya mbele."

Tumpe alitazama. Matiti ya tembo yalikuwa yamejaa, yamebana, na tone moja jeupe lilikuwa likining'inia.

"Huyu ananyonyesha," mama alisema. "Maziwa yamemjaa mpaka yanamuuma. Mtoto wake yuko wapi?"

Walitafuta kwa macho. Kundi lilikuwa linakula kule kwenye matete, wakubwa na wadogo, lakini hakuna mdogo aliyemfuata huyu. Kutoka kati ya jicho na sikio lake ulishuka mchirizi mweusi wa majimaji, umelowanisha shavu lote.

Tumpe akaketi chini. Kuna jambo alilolikwepa tangu jana, kwa kuwa alikuwa likizo na alikuwa amejiahidi kupumzika. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, tangu homa ya uti wa mgongo, na alikuwa akisikia kwa kifaa kilichopandikizwa nyuma ya sikio la kushoto. Kwa watu wengine kifaa kama hicho kinasikia watu na magari. Cha kwake kilikuwa kimetanuliwa kwa ajili ya kazi. Tumpe alikuwa mhandisi wa madaraja, na daraja linapoanza kuchoka hulalamika kwa sauti nzito ya chini sana, ambayo sikio la binadamu haliifikii. Akikifungulia kifaa mpaka chini kabisa, alisikia nguzo zikinung'unika siku nyingi kabla ufa haujaonekana.

Akaweka kidole nyuma ya sikio, akafungulia.

Kwanza ulikuja mto, mzito, kama watu wengi wanaoburuta magunia. Kisha kundi kule mateteni likiongea, ngurumo ndefu ndefu zinazopokezana. Na kisha, karibu kabisa, kutoka kwenye mkono wa mama yake, ukatoka mlio mfupi unaotetemeka, unapanda mwishoni. Ukanyamaza. Ukarudi tena, tofauti kidogo, kama mtoto anayeita kwa mara ya pili baada ya kuona hajajibiwa.

Tembo akajibu. Ngurumo yake ilimpita Tumpe kifuani na kumtikisa mbavu.

Mama alikuwa anamtazama binti yake tu, maana yeye hakusikia lolote. "Una nini wewe? Mbona umekuwa hivyo?"

"Bangili yako inaita," Tumpe alisema. "Inamwita kwa sauti ya mtoto."

*

Alimkuta Mbonde kwenye kibanda cha ofisi, akitengeneza injini ya boti. Alikuwa amejiandaa njia nzima kusema kwa utulivu. Hakuweza.

"Mtoto wa yule tembo mmemfanya nini?"

Mbonde aliweka bisibisi chini. Akamtazama usoni, kisha nyuma ya sikio, pale palipokuwa na kile kidude.

"Kumbe unasikia," alisema.

"Nimekuuliza swali."

"Hatukumfanya kitu. Kaa, dada yangu."

"Sikai. Mmemuua mpate sauti yake?"

Hapo sura ya Mbonde ilibadilika. Haikuwa hasira, ilikuwa kama mtu aliyepigwa mahali penye kidonda. "Alikwama kwenye tope mvua zilipoanza. Tulivuta kwa kamba watu wote wa kisiwa hiki, mpaka mikono ikatoka damu. Mama yake alikuwa anatusaidia kusukuma. Mtoto alikufa usiku tumemshika, mama yake akiwa ameshaondoka na kundi, tukamzika usiku ule ule. Tulimwita Chande." Akavuta pumzi. "Alikuwa na kola shingoni. Kola zetu zinarekodi kila wanachosema. Kwa hiyo sauti tulikuwa nayo."

"Na mkaamua kuitumia."

"Tuliamua baada ya mama yake kuingia majini."

Akamweleza, akitazama mikono yake iliyojaa mafuta. Yule jike, waliyemwita Bi Mkubwa, ndiye kiongozi wa kundi. Anakokwenda ndiko wote wanakokwenda. Mtoto alipokufa alizunguka kisiwa kizima akimtafuta, na alipomkosa akageukia ng'ambo. Miaka ya nyuma kundi lilishawahi kuvuka. Waliingia kwenye mpunga watu wakiwa wanavuna. Watu walikufa, na baada ya hapo tembo wakapigwa risasi hadi maji ya ukingoni yakawa mekundu.

"Mmoja wa waliokufa alikuwa shangazi yangu," Mbonde alisema. "Aliyenilea. Kwa hiyo usidhani nawapenda tembo kuliko watu, wala watu kuliko tembo. Mimi nimezika huku na kule."

"Mngeweka spika juu ya mti."

"Tuliweka. Alikaa nayo muda, akaing'oa, akaipasua, akatafuta ndani. Sauti haikuwa na pumzi wala joto. Ndipo wakubwa zangu wa mjini wakaleta bangili. Sauti ikitoka kwa kiumbe kinachopumua, anachanganyikiwa. Anajua si Chande, lakini sauti ni ya Chande. Basi anabaki hapo, anangoja, hata ukiwa karibu na bangili yako ya kufukuza; ndiyo maana tunatafuta mgeni asiyetembeatembea. Mashine imejifunza, siku hizi hairudii milio ya zamani, inatunga yake." Akaokota tena bisibisi. "Na wageni wanafurahi kumwona karibu. Hilo nalo sitakuficha."

"Maziwa yake hayakauki, kwa sababu kila siku anamsikia."

"Najua."

"Na mimi mmenidanganya. Mmemfanya mama yangu chambo, mzee wa watu, bila kumwuliza."

"Ningekuuliza ungekubali?"

Tumpe alitoka nje bila kuaga.

*

Alimweleza mama kila kitu, akitegemea atalia. Mama hakulia. Aliendelea kuutazama ule mkonga uliokuwa umelala mapajani pake kama kitu chake mwenyewe.

"Kumbe ananidhania mwanawe," alisema.

"Mama, tukiizima atavuka. Huko ng'ambo kuna watu wanavuna sasa hivi. Nimewaona."

"Nimekusikia."

"Kwa hiyo labda tuiache. Tumalize siku zetu, tuondoke." Tumpe alijishangaa akisema hivyo. Saa moja iliyopita alitaka kumshika Mbonde shati. "Akibaki hapa anaishi. Hata wewe unamsikiliza Lusajo kila jioni, na inakusaidia."

Mama akageuka. Macho yake yalikuwa makavu na makali.

"Usinifananishe. Mimi nilimwosha mwanangu. Nilimvalisha mwenyewe, nikamtupia udongo. Nikiisikiliza ile sauti najua hayupo, ndiyo maana naweza kuizima nikalala. Huyu nani amemwambia? Kila siku anaamka na maziwa yake anakuja kunyonyesha kibibi kizee!" Akapangusa pua kwa upindo wa kanga. "Mwite yule kijana. Namtaka anionyeshe walikomzika huyo mtoto."

Mbonde alikuja. Alisimama mbele ya mama kama mwanafunzi. Alijaribu kueleza tena habari za ng'ambo, mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hao watu wa ng'ambo wapigie simu sasa hivi mmoja mmoja. Waambie washuke kwenye madungu, waondoke mpunguni. Halafu nifungue hii kitu. Usipoifungua, mimi nitaingia nayo mtoni, sijui kuogelea."

"Bibi, nitafukuzwa kazi."

"Inawezekana," mama alisema kwa upole.

Mbonde aliwatazama wote wawili, mama na tembo. Kisha akatoa simu mfukoni.

*

Kaburi lilikuwa upande wa juu wa kisiwa, chini ya mkwaju, limefunikwa kwa mawe na matawi ili wanyama wasilifukue. Walimpeleka mama kwa toroli la kubebea kuni. Bi Mkubwa alifuata nyuma, mkonga kwenye ukingo wa toroli, na nyuma yake likaja kundi zima, kimya, kiasi kwamba walinzi waliokuwa wakisukuma walisikia pumzi zao tu.

Waliondoa mawe. Walichimba kidogo, haikuhitaji sana. Mifupa ilikuwa imeshakuwa safi. Mbonde, aliyekuwa ameshafungua bangili ya Tumpe, akagusisha kile kibao kwenye mkono wa mama, bangili ikafunguka na kuanguka mchangani. Tumpe, aliyekuwa bado amefungulia sikio lake hadi chini, alisikia mlio wa mwisho ukikatika katikati.

Bi Mkubwa alisimama. Masikio yakafunguka yote mawili. Aliita. Akangoja. Akaita tena, akazungusha kichwa kumtafuta aliyekuwa akimjibu. Mama akanyoosha mkono wake mtupu, tembo akaunusa kuanzia vidole hadi kiwiko, akauacha.

Kisha akaisikia harufu ya shimo.

Aliingia kwa magoti. Aligusa fuvu kwa ncha ya mkonga, pole pole, kwenye matundu ya macho, kwenye taya, kama mtu anayesoma kwa vidole gizani. Akauinua mfupa mmoja mdogo, akauweka mdomoni, akautoa, akaurudisha mahali pake. Wengine walikuja mmoja mmoja wakagusa. Tumpe alisikia ngurumo ambayo hakuwahi kuisikia kwenye daraja lolote, haina mwanzo wala mwisho, akashindwa kuvumilia, akafunga sikio. Bado aliihisi kwenye nyayo.

Walikaa pale mpaka vivuli vikarefuka. Mama hakukubali kuondolewa.

Asubuhi iliyofuata kundi, lisilo na cha kungoja tena kisiwani, liliteremka mtoni.

"Watu wa mpunguni wametoka wote?" Tumpe alimwuliza Mbonde. Walikuwa gatini, mama ameshaingia kwenye boti bila kualikwa.

"Wengi wametoka. Kuna mama mmoja, Bi Sikudhani, amekataa. Anasema mpunga wake umeiva na hana mtu wa kumvunia." Mbonde alikuwa ameshika ile bangili nene. "Dada, ninaweza kuiwasha. Ikiwa juu kabisa itasikika hadi katikati ya mto. Atageuka. Sema neno."

Bi Mkubwa alikuwa ameshaingia, maji yamefika mabegani. Kwa mbali, kwenye manjano ya ng'ambo, Tumpe aliona kitambaa chekundu kikiinama na kuinuka, mtu anayevuna.

Alichukua bangili kutoka mkononi mwa Mbonde na kuiwasha.

Hata baada ya miaka asingeweza kueleza vizuri kwa nini. Aliona kile kitambaa chekundu, basi. Sauti ya Chande ikatoka, kali na yenye hofu, sauti ambayo hakuna mama angeweza kuipuuza. Na katikati ya mto Bi Mkubwa aliacha kuogelea. Mkonga uliokuwa juu ya maji ukageuka kuelekea kisiwani. Ukakaa hivyo. Tumpe alifungulia sikio ili asikie atakachojibu.

Hakujibu kitu. Mkonga ukageuka mbele, na tembo akaendelea kuogelea. Kundi likamfuata.

"Umefanya nini?" mama alisema kutoka kwenye boti. Hakupaza sauti. Tumpe alitamani angepaza.

"Nimeogopa, Mama."

"Basi washeni injini."

*

Walifika mbele kidogo ya kundi. Mbonde aliruka kabla boti haijagusa, akakimbia akipiga kelele kwa Kindengereko, Tumpe nyuma yake, matope yakimvua viatu. Bi Sikudhani alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mundu mkononi na kilemba chekundu. Walimshika huku na huku wakamburuta hadi kwenye tuta, naye akiwatukana matusi ya kila namna, mpaka alipogeuka akaona maji yakifunguka na vichwa vikitoka.

Tembo walipita. Hawakukimbia wala hawakuwageukia watu. Bi Mkubwa alitangulia, akikata shamba moja kwa moja kuelekea msituni kule nyuma, na kila mguu ulipotua mpunga ulilala. Wengine walikula wakitembea. Mlinzi wa kijiji alikuwa juu ya tuta na bunduki begani, na Mbonde alisimama mbele ya mtutu akizungumza naye polepole, bila kukoma, hadi mkia wa mwisho ulipoingia kwenye miti. Bunduki haikulia.

Kisha kukawa kimya. Katikati ya shamba la Bi Sikudhani palikuwa na barabara pana ya matope na mpunga uliopondwa, na maji yalikuwa yakiingia kwenye nyayo na kuzijaza.

Bi Sikudhani alishuka kwenye tuta. Alitembea katika uharibifu ule hadi katikati, akasimama. Alipogeuka alimtazama Tumpe tu, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia ni nani aliyeanzisha.

"Ni wewe uliyewafungulia?"

"Ni mimi. Mimi na mama yangu."

"Na mimi mwaka huu nile nini?"

Mbonde alitaka kusema jambo kuhusu fidia, kuhusu ofisi, Bi Sikudhani akamnyamazisha kwa mkono bila kumwangalia. "Namwuliza huyu. Ungejua kuwa shamba ni langu, ungefungua?"

Tumpe alifikiria kuomba msamaha. Alifikiria kumweleza habari za maziwa, na mifupa, na ule mkonga uliogeuka katikati ya maji. Mwanamke yule hakuwa ameuliza hayo.

"Ningefungua," alisema. "Ila ningeanza kwa kuja kwako."

Nyuma yao mama alikuwa ameshateremka kutoka kwenye boti, amefunga kanga kiunoni, na magoti yake yaliyomkataa yalikuwa yamezama kwenye matope. Alikuwa akiinua mashina ya mpunga yaliyolala majini, moja moja, akiyakung'uta na kuyaegemeza kwenye mengine yaliyosimama, bila kumwuliza mtu ruhusa. Bi Sikudhani alimtazama kizee yule asiyemjua. Kisha akamrushia Tumpe mundu, ukaanguka karibu na mguu wake.

"Basi shika huo. Anza na yale yaliyozama, yanaoza upesi."

Tumpe akaokota mundu, akaingia.